Sauti ya Shemeji

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole na kazi. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, usiulize. Umesema hutaki simu, unataka barua, kwa sababu kwenye simu namwiga marehemu mama, namwiga shangazi, namwiga mpaka daktari wako wa meno, na salio linakwisha hatujaongea la maana. Haya basi. Nimekaa chini, kalamu mkononi, adabu imenijaa mpaka kooni.

Habari kubwa ni moja: Makaa! Umemsikia? Unakijua kipindi chetu cha redio, kile cha wapangaji wanaogombania bomba moja la maji. Miaka yote mimi ndiye mwenye nyumba, mzee wa kikohozi. Sasa, mwishoni mwa mwaka jana, mtayarishaji akatuita, akasema kipindi kimepoa, leteni mtu mpya. Nikamletea mlinzi wa getini. Mweusi tii, jitu la miraba minne, akili inatembea kwa magongo, anaogopa swichi ya taa na anakula sufuria zima peke yake. Na jina nikampa mwenyewe: Makaa. Nilipofungua mdomo tu, fundi mitambo akailalia meza kwa kucheka, ikabidi turudie.

Sauti nimeitoa wapi? Kwa shemeji, bwana! Unakumbuka nilipokuja likizo, nikawa nashinda naye kwenye kile chumba chake pale kituoni, anapotangazia treni? Ile namna ya watu wa kwao ya kuvuta mwisho wa neno, linapanda, linashuka, halafu anafunga tangazo: "Msisukumane, nafasi ipo." Nimeichukua nzima nzima. Makaa anaisema kila mahali. Wapangaji wanapigania maji: "Msisukumane, nafasi ipo." Msibani, jeneza linashushwa: "Msisukumane, nafasi ipo." Wee dada, mbavu sina!

Juzi niko sokoni, nikasikia mwuza vitunguu anamwita mpagazi mmoja, mtu wa rangi ile ile ya kina shemeji: "Wewe Makaa, njoo ubebe." Nilisimama pale nikajisikia raha ajabu. Jina nililolibuni mimi bafuni, povu machoni, leo liko sokoni!

Mwambie shemeji heshima zake ziko palepale, bila yeye nisingekuwa na Makaa. Na mpwa wangu, harusi lini? Au mchumba kakimbia?

Ni mimi wako, mlinipa jina utotoni na mpaka leo nalila mshahara,
Kasuku


Tarehe 20 Februari

Kasuku,

Marahaba. Barua imefika, imekunjwa vibaya kama kawaida yako.

Mchumba hajakimbia. Harusi ni mwezi wa sita, Jumamosi ya pili, ukumbi ule wa nyuma ya shule anayofundisha. Nguo nashona mwenyewe, na nimeshaifumua mara mbili kwa sababu binti anapungua kila nikimpima. Kwao bwana harusi ni watu wastaarabu, wanaongea taratibu. Wameomba siku hiyo baba wa binti aseme maneno machache kabla ya chakula, na baba wa bwana harusi atajibu. Basi.

Redio tunaisikia. Jirani anaifungulia mpaka vikombe vyetu vinatetemeka kabatini.

Shemeji yako amehamishiwa stoo ya mizigo, pale pale kituoni. Anapokea vifurushi, anabandika namba, anavipanga kwenye rafu. Anasema anapenda ule utulivu. Mshahara ni ule ule. Barua yako nimemsomea salamu, yaliyobaki nimeyaacha.

Kula mboga.
Dada yako


Tarehe 2 Machi

Dada,

Stoo ya mizigo! Mpe hongera, mpe mkono, mwambie huko ndiko kupanda cheo. Miaka yote hiyo anapiga kelele kwenye kipaza sauti, vumbi la jukwaa lote linaishia kifuani mwake. Sasa amekaa kivulini na vifurushi vyake, havimuulizi treni ya saa ngapi. Mimi ningechinja kuku.

Ila umenishangaza. Kwa nini hukumsomea habari za Makaa? Unamwonea wivu mumeo? Mwache afurahi, ni sauti yake hiyo inayopendwa na watu wazima na watoto. Kipindi sasa kinarudiwa mara mbili kwa wiki. Kampuni moja ya sabuni inataka tangazo: Makaa anaingia kuoga, maji yanakuwa meusi, ndoo baada ya ndoo, halafu mtu anasema sabuni hii inaweza yote isipokuwa Makaa. Nimecheka mpaka nimepaliwa. Wanalipa vizuri. Zawadi ya harusi ya mpwa wangu itatoka hapo, mwambie achague kati ya jokofu na kabati.

Mboga nakula. Kwa macho.
Kasuku


Tarehe 28 Machi

Kasuku,

Usituletee jokofu wala kabati.

Nina ombi, nalo si langu, nimetumwa. Shemeji yako anasema hatazungumza kwenye harusi. Anakuomba wewe usimame badala yake, kama mjomba wa binti, useme yale maneno machache. Anasema wewe una sauti ambayo watu wanapenda kuisikia.

Nimemuuliza sababu, ananiambia mafua. Ana mafua tangu mwaka mpya. Sijawahi kuona mafua ya namna hii, yanamshika akitoka mlangoni na yanamwachia akirudi. Dukani ananyoosha kidole. Kwa kinyozi anaonyesha kwa mkono, fupi, fupi zaidi. Jumapili tulipokwenda kwa wakwe watarajiwa alitabasamu jioni nzima, na mama wa bwana harusi akaniambia mume wako ni mpole sana. Mimi nimeishi na mtu huyu miaka mingi. Ni mpole, ndiyo, lakini ni msemaji. Aliniposa kwa maneno, hakuwa na kingine.

Fikiri kabla ya kujibu. Nasema hivyo kwa sababu nakujua.

Dada yako


Tarehe 5 Aprili

Dada, dada, dada!

Unaniuliza? Hilo nalo ni la kufikiri? Mwambie shemeji ameninunua. Nimekaa na barua yako nusu saa natabasamu peke yangu, mpaka mwenye mgahawa akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Baba mzima kumwachia mtu mwingine amsemee kwa bintiye, hiyo ni heshima ambayo sikuitarajia.

Na nimeshapata wazo, shika kiti. Sitasimama kama mjomba. Nitasimama kama Makaa! Shemeji hasemi, lakini sauti yake inasema! Nitaanza hivi, mkono kiunoni: "Wageni wa upande wa kulia na wa kushoto, msisukumane, nafasi ipo." Halafu Makaa anaogopa taa za ukumbini. Halafu Makaa anauliza keki nzima ni ya nani. Watu wa bwana harusi watalia kwa kucheka, na watu wa kina shemeji watajisikia wako nyumbani. Hiyo harusi itasimuliwa mpaka wajukuu.

Mpe pole na mafua. Asali na ndimu.

Kasuku wenu


Tarehe 16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajui kama nakuandikia. Barua yako ya mwisho aliisoma amesimama, akaiweka chini ya cherehani, na tangu siku hiyo hajanena lolote kuhusu wewe. Nimeichukua nikaisoma. Nisamehe kwa hilo, na hilo ndilo pekee nitakaloomba samahani hapa.

Baba hana mafua.

Ulipomwanzisha huyo Makaa, abiria walianza kumwitikia. Kwanza wawili watatu, vijana, anamaliza tangazo wanasema naye lile neno la mwisho. Baada ya wiki chache ikawa jukwaa zima. Treni ya saa nne, njia ya pili, halafu watu wote kwa pamoja wanaivuta ile sentensi na kucheka. Wakagundua chumba chake kina dirisha. Wakawa wanakuja kugonga kioo, Makaa, sema "umeme," Makaa, umekula? Si watu wabaya, Mjomba. Akina mama na vikapu vyao. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwepo, akanisimulia kesho yake kama kituko, hakujua ni baba yangu.

Mkuu wa kituo akamwita. Alimwambia kwa adabu kabisa kwamba abiria hawasikii tena njia namba ngapi, wanasubiri kucheka, na kuna mzee amepanda treni isiyo yake. Hakumfukuza. Mshahara hakuukata. Ndiyo maana hakuna mtu wa kumlalamikia.

Sasa Baba akiwa nje hafungui mdomo. Mama anamwagizia vitu dukani kama mtoto. Nyumbani bado anaongea, lakini siku hizi naona hata nyumbani anapunguza, anakata sentensi kabla hazijafika pale zinapovutwa. Anajirekebisha mbele yetu. Mbele yangu mimi, ambaye nimelazwa na sauti hiyo tangu nizaliwe!

Na mimi nina rangi ya Baba, sina ya kwenu. Nimekuta ubaoni, darasani kwangu, "Mwalimu Makaa." Nimefuta nikafundisha hesabu.

Kinachoniumiza kuliko vyote ni kwamba hakukasirikii. Nikisema jambo ananiambia, "Mjomba wako hakukusudia." Basi nakuuliza wewe mwenyewe: ulikusudia nini? Ulikaa naye katika kile chumba, mkanywa chai ya chupa moja, ukamsikiliza siku nzima. Ulikuwa unasikia nini?

Sitaki useme kwenye harusi yangu, si kwa sauti ya Makaa wala kwa sauti nyingine yoyote. Nataka baba yangu aseme, na kama hasemi siingii ukumbini. Hilo nimeshamwambia.

Mpwa wako


Tarehe 11 Mei

Shemeji,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Sijui kuandika bila mzaha, naona karatasi inanikodolea macho. Nitaandika tu, ikiwa mbaya iwe mbaya.

Binti yako ameniandikia. Usimgombeze. Niliisoma mpaka mwisho. Nikarudi kusoma barua zangu mwenyewe kichwani, zile nilizomwandikia dada, na aibu ilinishika hata kwenye chumba changu nilikokuwa peke yangu. Ile ya "hongera kwa cheo." Shemeji, mimi ni mpumbavu, na si kwa namna ya kuchekesha.

Nilikwenda kwa mtayarishaji. Nikamwambia Makaa aondoke, ahamie kwao, afe, lolote. Akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza habari zako. Alinisikiliza vizuri tu, ni mtu msikivu, kisha akasema, "Lakini wewe si unampenda shemeji yako? Sasa tatizo liko wapi?" Hilo ndilo nililokuwa najiambia mimi mwenyewe. Nikasema basi mimi simchezi tena. Akasema sawa, mlango uko wazi, ila Makaa ni mali ya kipindi.

Wiki ile ile wakampata kijana mwingine. Anaiweza. Anamwiga mtu aliyekuwa anakuiga wewe, na wasikilizaji wengi hawajui hata kama kuna kilichobadilika. Tangazo la sabuni amelifanya yeye. Nimerudi kuwa mzee wa kikohozi.

Juzi kwenye foleni ya benki kijana mmoja alimwita mwenzake Makaa, nikamgeukia nikamwambia usimwite mtu hivyo. Akacheka, si kwa ubaya. "Acha hizo mzee, ni jina la redioni tu." Na yule aliyeitwa naye akacheka. Akacheka haraka sana, kuliko wote. Kicheko kile nimelala nacho.

Sijui nifanye nini. Nikija kituoni nikasimama jukwaani nikawaambia watu ukweli, itasaidia? Nikiandika gazetini? Niambie lolote. Kuhusu harusi, nimeelewa, sisemi, na nikitakiwa nisije, siji.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini usiumwe tena mafua yale.

Shemeji yako


Tarehe 24 Mei

Shemeji,

Nimeipata barua yako kazini, nikaisoma kati ya vifurushi. Nimeisoma polepole kwa kuwa siku hizi nina nafasi.

Usije kituoni kuhutubia. Watakuomba uigize.

Nataka ujue jambo moja ambalo hata dada yako nilimficha. Siku ya kwanza niliposikia sauti ile redioni, nilifurahi. Nilikuwa natia chumvi kwenye mboga, nikaacha. Nikasema, kumbe ni shemeji huyu, ananisalimia kutoka huko mbali. Niliona ni siri yetu wawili. Nikaongeza sauti ya redio mimi mwenyewe. Halafu yule mtu akaanza kuogopa swichi, akaanza kuulizwa kama kwao kuna vitanda, na watu wakacheka, nami bado nikawa nangoja pale utakapofika kwenye salamu. Nilingoja mpaka kipindi kikaisha.

Sentensi ile hakuna aliyeniandikia. Tangazo la kituo linaishia kwenye namba ya njia. Niliiongeza kwa sababu watu wanaposukumana wanaoanguka ni wazee, na ukimwambia mtu kwa upole kwamba nafasi ipo, mara nyingi anatulia. Iliwatuliza miaka mingi. Sasa nikiisema wanasukumana ili waje dirishani.

Umeniuliza nini kifanyike kuhusu hilo jina. Sijui. Tangu utotoni nimeitwa mengi kwa ajili ya ngozi hii, mengine siwezi kuyaandika mahali atakapoyasoma binti yangu. Lakini yale yalitoka kwa mtu mwenye chuki, nami nilimjua, nikazunguka njia nyingine. Hili lako linatoka kwa watu wasio na hasira nami hata kidogo. Mwenye duka ananiita huku ananipa chenji. Ananiita huku anatabasamu, anataka na mimi nitabasamu, na nisipotabasamu mimi ndiye mkorofi. Huko kutabasamu ndiko kulikonichosha, Shemeji, kuliko matusi yote. Nikaona heri ninyamaze, mtu asiyesema hachekwi.

Nimekosea hapo. Binti yangu amenionyesha. Amesimama mlangoni amevaa gauni lenye pini kila mahali, akaniambia kama sisemi haolewi, na mama yake akamtazama akajua hatanii. Kwa hiyo nitasema mwenyewe.

Wewe njoo. Lakini nina ombi zito, na nimelifikiri sana kabla ya kuliandika. Njoo, ukae, ule, lakini usifungue mdomo. Ndugu zangu wanakuja behewa zima, kutoka kwetu. Uso wako hawaujui. Sauti yako wanaijua, ile ya mchezo na hata ile ya kawaida, maana umehojiwa redioni. Ukisema "naomba maji" tu, meza nzima itageuka. Siku hiyo nataka wasikie sauti yangu bila kufikiria yako. Ukiona ni fedheha, baki huko, sitakuwekea kinyongo.

Wasalimie wenzako wa kazi.
Shemeji yako


Tarehe 22 Juni

Dada,

Nimefika salama. Nauliza hivi, umeshapumzika? Maana nilikuona ukizunguka na masinia kama mtu aliyepoteza kitu. Nguo ya mpwa wangu ilimkaa, usiniambie habari ya ule mshono wa begani, hakuna aliyeuona.

Wewe ulikuwa mbele, hukuona ya meza ya nyuma. Ngoja nikusimulie, najua unacheka kwa siri hata ukiwa umenuna.

Nilikaa karibu na shangazi yake shemeji, yule bibi mfupi mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile. Akanisalimia, nikainamisha kichwa. Akaniuliza natoka wapi, nikatabasamu. Akaniuliza tena kwa sauti kubwa. Nikaonyesha koo langu, nikatikisa kichwa. Akanitazama, macho yakamlainika. Akamgeukia jirani yake akasema, "Maskini, huyu shemeji yao ni bubu." Basi nikawa bubu, na kiziwi juu yake, maana kuanzia hapo alianza kunieleza kila kitu kwa vidole. Keki, vidole. Bwana harusi mrefu, vidole. Alinikatia nyama vipande vidogo kana kwamba bubu hana meno. Kila sahani ikipita alinichagulia kilicho kizuri. Sijahudumiwa hivyo tangu mama afe.

Na kwa kuwa nilikuwa sisikii, akaongea mbele yangu. Mwanamke mwingine alitaja redio. Shangazi akasema ana mwanawe fundi bomba, jina la babu yake alimpa yeye mwenyewe, alilichagua kabla hajazaliwa, na sasa wateja wote wanamwita Makaa. Anajiita hivyo na yeye, anasema kazi inapatikana upesi. "Mpaka mkewe," akasema. "Juzi nimemsikia mkewe anamwita hivyo ndani ya nyumba, na akaitika." Hakulia. Alikuwa ananitolea mfupa kwenye sahani huku anasema. Dada, nilitamani sakafu inifunike.

Kisha shemeji akasimama. Wewe uliona mgongo wake, mimi niliona mikono. Ilikamata ukingo wa meza. Akasema "Wageni wetu," akaivuta kama anavyoivuta, na pale mlangoni kijana mmoja wa upande wa pili akaropoka ile sentensi. Ukumbi ukaanza kucheka, kile kicheko kidogo cha watu wanaojuana. Nami nikajua kinachofuata, atakohoa, atashika koo, atakaa. Nilikuwa nimeushika mkono wa shangazi bila kujua.

Akamngoja kijana amalize. Kisha akasema, "Ndiyo, hayo ni maneno yangu. Niliyasema miaka mingi kabla hujayasikia, na sikuyasema ili mcheke." Halafu akarudi kwa binti yake kana kwamba hajakatizwa. Alivyosimulia alivyompeleka shule siku ya kwanza, mtoto halii, analia baba! Watu walicheka tena, lakini sasa walicheka pale alipotaka yeye. Na kila neno akalifikisha mwisho wake. Mpwa wangu alikuwa analia na kucheka na wanja wote umemshuka.

Nimeigiza miaka yote hii nikidhani naijua sauti ile. Sikuwahi kuisikia.

Shangazi akanibonyeza mkono akanionyesha kwa vidole: mtu, moyo, mkubwa. Nikaitikia kwa kichwa.

Kasuku


Tarehe 10 Julai

Kasuku,

Ule mshono wa begani watu watatu waliuona.

Maharusi wako salama. Shemeji yako bado yuko stoo. Mkuu wa kituo amemuuliza kama anataka kurudi kwenye kipaza sauti, naye amesema atafikiri. Lakini Jumatatu alikwenda dukani peke yake, akarudi na vitu vyote nilivyomwagiza na kimoja nisichomwagiza, na akanisimulia alivyobishana na mwuzaji kuhusu mchele. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Mchele wenyewe ni mbaya.

Sasa nina jambo. Shangazi hajakusahau. Kila tukipata salamu kutoka kwao, anauliza habari za shemeji bubu. Anasema huna mke wa kukutazama, umekonda (hapo niliguna), na kwamba huko kwao kuna daktari wa koo amemponya jirani yake. Ameshaongea na huyo daktari. Amekutengea chumba, mwanawe fundi bomba amehamisha kitanda, na anataka tumwambie lini unakwenda.

Nilitaka kumjibu kwamba umepona, yaishe. Shemeji yako akanikataza. Amesema hilo ni lako kujibu. Macho ya shangazi hayasomi tena, lakini shemeji yako anakwenda kwao mwisho wa mwezi. Ukiandika, atamsomea yeye mwenyewe, kwa sauti, kama utakavyoandika.

Tumwambie nini?

Dada yako


Tarehe 19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Anayekusomea barua hii ni mwanao, mtoto wa kaka yako, na nimemwomba asiruke neno wala asinitetee.

Mimi ndiye yule shemeji uliyenikatia nyama. Mimi si bubu, na sikio langu ni zima, nilisikia kila ulichosema pale mezani. Nilinyamaza kwa sababu ungeijua sauti yangu. Ni sauti ya redioni. Makaa ni wangu, nimemtunga mimi, jina na kila kitu. Huyu anayekusomea ndiye niliyemwibia sauti, na jina la mwanao fundi bomba, ulilomchagulia kabla hajazaliwa, nimelifukuza nyumbani kwake mimi, ingawa sijawahi kumwona. Siku hizi anayemcheza ni mtu mwingine, lakini huyo ameyakuta kwangu.

Sikuandikii ili uniambie si kitu. Ni kitu.

Ulinitengea chumba ukidhani ni mtu mwingine. Kama chumba bado kipo hata kwa huyu, nitakuja, na nikifika nitamwomba mwanao aniambie jina lake kwa mdomo wake. Kama hakipo, mwambie anayekusomea aandike "usije." Aandike hivyo hivyo ulivyosema, asinilainishie.

Mimi niliyekaa kulia kwako